Mnicheke, ila madumu yangu siyatupi

Wiki jana upepo na theluji viliangusha nguzo, tukalala gizani. Kwa sisi wa visima, umeme ukikatika pampu inalala, na pampu ikilala bomba linakohoa mara mbili halafu kimya. Saa moja asubuhi jirani yetu, mzee mfuga ng'ombe, akabisha hodi na birika tupu mkononi. Nikamfungulia stoo. Madumu sita ya lita 20, ya njano, yamejaa hadi shingoni.

Mzee akainama, akafungua kifuniko, akanusa. Kumbe huku dumu la njano ni la dizeli, la maji huwa la bluu. Ningejuaje? Niliingia duka la vifaa vya shamba nikachukua rangi niliyokulia nayo. Kiangazi aliyaona madumu hayo hayo akaniuliza kama nasubiri vita. Safari hii hakuuliza kitu. Alijaza birika, akaenda, akarudi na ndoo.

Nakiri nilivimba kichwa kidogo.

Kwa wasiojua nilipo: Harney County, mashariki mwa jimbo la Oregon, Marekani, mume wangu alikopata kazi ya kufundisha. Eneo la kaunti hii linakaribia la Rwanda nzima, ila watu ni 7,500 hivi. Mji wenyewe, Burns, uko mita 1,260 hivi juu ya usawa wa bahari, si mbali sana na kimo cha Mwanza yetu. Hapo ndipo kufanana kunapoishia. Mvua ya mwaka, ukichanganya na theluji yake, haifiki milimita 300. Kuna ziwa, Malheur, lakini ni la kina kifupi mno, na ukame ukikaza linageuka tope. Kushoto vichaka vya kijivu, kulia vichaka vya kijivu. Na ndani ya jangwa hilo mimi naoga asubuhi na jioni, maji ya moto, bila kumuuliza mtu kama yapo.

Mimi ni mtoto wa Mabatini, Mwanza. Nyumba yetu ilikuwa juu huko kwenye mawe, dirisha la jikoni linaangalia ziwa. Ziwa Victoria, kilomita za mraba zaidi ya 68,000, maji matamu. Nilikuwa naliangalia huku nimeshika kopo, nahesabu: hili la kuoga, hili la kusukutua, hili liachwe la mgonjwa. Dumu lilikuwa na bei ya bondeni na bei ya kupandishiwa kilimani. Tuliokulia kule tunajua maana ya kuamshwa saa nane usiku kwa neno moja tu: "Yametoka!"

Najua mtakachosema. Dada wa Marekani kaanza. Kapata bomba la moto, kasahau kwao. Sasa ngojeni. Msimu wangu wa kwanza wa baridi niliambiwa niache bomba lidondoke usiku kucha, kwani maji yakitulia yanaganda na kupasua mabomba. Mkono ulikataa. Nililifungua, nikalifunga, nikalifungua tena, mwisho nikaweka ndoo chini yake na kila asubuhi nikawa naimimina kwenye dumu. Madumu sita yalijaa hivyo, tone kwa tone. Mtu aliyesahau kwao hafanyi hivyo.

Mwingine atasema Marekani ni tajiri, nisilinganishe. Tajiri nani? Huku shambani bomba la serikali halifiki. Kisima tulikikuta, pampu ilipoungua tuliilipia sisi, na bei yake iliniuma jino. Wala sisemi hawa ni malaika. Mwezi wa saba, jua la utosi, mashine ndefu za magurudumu zinazunguka zikirushia majani ya ng'ombe maji yaliyokaa chini ya ardhi miaka maelfu. Wameyanyonya hadi mwaka 2016 jimbo likaweka kanuni ya kuzuia vibali vipya vya kuchimba kwa ajili ya umwagiliaji, na kuna visima vya majumbani ambavyo vimeshakauka. Siku chetu kikikauka tutalia. Lakini hawa wanamaliza maji wasiyokuwa nayo. Sisi tunashindwa kuyafikisha tuliyonayo, na hapo ndipo roho inaponiuma.

Tena msiniambie ni milima, maji hayapandi. Maji ya ziwa hilo hilo yalivutwa mpaka Shinyanga na Kahama, na baadaye yakafika Tabora! Nilijivunia, najivunia mpaka leo, mafundi wetu si wa kuchezea. Ila sasa, ndugu yangu, Tabora yanafika na kwa mama yangu, anayeliona ziwa akianika kanga, yanakuja kwa zamu?

"Siku hizi Mwanza kuna chanzo kipya cha maji, cha Butimba, umepitwa na wakati." Sawa. Nami nilifurahi niliposikia. Ndiyo maana Jumapili nilimpigia mama, nikitaka aniambie nimepitwa na wakati, nifute yote haya. Nikaanza na habari ya mzee na birika lake. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Yaani umevuka bahari ukaenda kuteka maji na wazungu?" Nikamwambia mama, tuyaache hayo, hali ya maji hapo nyumbani ikoje, maana nataka kuandika.

"Hali ni nzuri mwanangu, siku hizi si kama—" Kukawa na kelele nyuma yake, mtoto wa jirani anapiga yowe, ndoo zinagongana.

"Nitakupigia," mama akasema. "Yametoka."