PE ya Marekani: anza na kumbukumbu za kazi, mtihani utafuata

Mhandisi aliyesoma Dar es Salaam, Nairobi au Kampala akihamia Marekani, swali lake la kwanza kuhusu PE, leseni ya mhandisi mtaalamu, huwa ni la mtihani: mgumu kiasi gani, asome kitabu gani, ajiandae miezi mingapi. Kwa maoni yangu tunaanzia mwisho. Mtihani ukikushinda unarudia. Miaka minne ya kazi ambayo hukuiandika, chini ya msimamizi aliyekwisha kustaafu na hapatikani kwa simu wala barua pepe, huirudii.

Mpangilio wenyewe uko hivi. Leseni ya PE inatolewa na jimbo. Wyoming walianza mwaka 1907. Texas walitunga sheria yao mwaka 1937, baada ya gesi kulipuka katika shule ya New London na kuua watu karibu 300, wengi wao watoto. Kila jimbo lina bodi yake, ila mitihani ni ya pamoja na inaendeshwa na NCEES, baraza la kitaifa la bodi hizo. Njia ya kawaida ni shahada inayokubalika, mtihani wa FE (misingi ya uhandisi), miaka 4 ya kazi ya uhandisi, kisha mtihani wa PE. California miaka 2 inatosha kwa mwenye shahada yenye ithibati ya ABET (shirika la Marekani linalothibitisha programu za uhandisi), lakini mhandisi ujenzi huongezewa mitihani miwili ya jimbo: mmoja wa mitetemeko ya ardhi, mwingine wa upimaji. Nevada na Texas huruhusu mtu afanye PE kabla miaka yake ya kazi haijatimia. Ukiwa huko usingoje. Nadharia bado iko kichwani na majukumu ya nyumbani huongezeka kila mwaka.

Kama shahada yako haina ithibati ya ABET, aghalabu itapelekwa NCEES kulinganishwa na kipimo chao: saa 32 za muhula (semester hours, yaani uzito wa kozi) za hisabati ya juu na sayansi ya msingi, na saa 48 za sayansi ya uhandisi na usanifu. Hapa msomi wa Tanzania au Uganda anaweza kukuta upungufu asioutarajia. Fizikia na kemia alizimaliza kidato cha sita, chuoni akaingia moja kwa moja kwenye uhandisi, hivyo nakala ya matokeo haionyeshi saa za kutosha za sayansi ya msingi. Pengo la namna hiyo huzibika kwa kozi moja au mbili za chuo cha jamii. Linalochosha ni makaratasi: matokeo lazima yatoke chuoni kwenda NCEES moja kwa moja, na mara nyingi huombwa maelezo ya kila kozi. Anza kufuatilia hayo ukiwa bado nyumbani, unapoweza kwenda mwenyewe dirishani na kusubiri. Uzito wake si mdogo. Texas, shahada ikionekana haifikii kipimo, miaka ya kazi inayotakiwa hupanda kutoka 4 hadi 8.

Kuhusu mitihani nitasema machache. FE ina maswali 110 kwa saa 5 na dakika 20. PE ya ujenzi ina maswali 80 kwa saa 8. Yote ni kwa kompyuta, na kitabu cha kanuni unakipata kwenye skrini tu. Kipakue bure kutoka NCEES na ufanyie mazoezi humo humo, ukitafuta kwa maneno, mpaka ujue kila kanuni imekaa sura gani. Kikokotoo cha Casio fx-991 tulichozoea kinaruhusiwa, fx-82 hakiruhusiwi.

Mitego miwili inatuhusu sisi hasa. Wa kwanza ni vipimo. Kip moja (pauni 1,000 za nguvu) ni kN 4.448, na ksi moja (kip moja kwa inchi ya mraba) ni MPa 6.895, hayo ni ya kukariri. Gumu zaidi ni pauni ya tungamo (lbm) na pauni ya nguvu (lbf), ambapo kusahau kugawanya kwa 32.2 kunakupa jibu lisilo sahihi ambalo huenda likawa limeorodheshwa kati ya majibu ya kuchagua. Wa pili ni zege. Aliyefundishwa kwa BS 8110, kanuni ya zege ya Uingereza, anafikiria nguvu inayopimwa kwa kuponda mchemraba wa milimita 150. ACI 318, kanuni ya zege ya Marekani, inazungumzia silinda, na nguvu ya silinda ni takriban asilimia 80 ya ile ya mchemraba. Zege la mchemraba wa N/mm² 25 kwa Mmarekani ni kama psi (pauni kwa inchi ya mraba) 2,900. Ukiligeuza moja kwa moja unapata psi 3,600, na umejipa nguvu ambayo zege hilo halina. Kosa hilo kwenye mtihani linakugharimu alama moja. Kazini ni boriti dhaifu.

Sasa kumbukumbu za kazi. Bodi haitaki kujua kampuni yako ilijenga nini. Inataka kujua wewe uliamua nini, kwa kutumia nini, na nani alikuwa juu yako. Maelezo kama "tulishiriki katika usanifu wa daraja" hayana thamani kwa msomaji wa faili. Andika hivi: "Nilikokotoa mzigo wa upepo kwa ASCE 7 (kanuni ya mizigo ya majengo), nikachagua ukubwa wa nguzo 14 za chuma, nikakagua msingi usiteleze wala kupinduka, nikaandaa michoro iliyopitiwa na mhandisi msimamizi." Kitenzi kiwe cha nafsi ya kwanza umoja. Malezi yetu yanatufundisha kutojisifu, tukasema "tulifanya" hata kwa kazi tuliyoifanya peke yetu usiku kucha. Katika faili hili unyenyekevu huo unakupunguzia miezi ya uzoefu. Kwa upande wa pili, kuchora tu kile ulichopewa, au kuhesabu nondo kwenye eneo la ujenzi bila kuamua lolote, hakuhesabiwi kuwa uhandisi hata ukikufanya miaka kumi. Kama hiyo ndiyo ajira uliyopata ulipofika, ipokee kwa sababu kodi ya nyumba haingoji, ila mwombe msimamizi akupe hesabu ndogo uzifanye na yeye azikague. Ziandike hizo.

Andika kila mwezi. Weka jina la mradi, tarehe, asilimia ya muda uliokuwa wa uhandisi halisi, na jina na namba ya leseni ya msimamizi. Ukiacha kazi, omba uthibitisho kabla ya siku ya mwisho. Mfumo wa NCEES unakuwezesha kuthibitisha kila ajira inapoisha bila kungoja miaka minne itimie. Wadhamini hutakiwa kadhaa, aghalabu 5, na angalau 3 kati yao wawe PE. Anayefanya kazi kiwandani anaweza kukosa PE hata mmoja karibu naye, kwa sababu majimbo mengi huvisamehe viwanda sharti la leseni. Mtu huyo ajiunge mapema na chama cha fani yake, ASCE cha wahandisi ujenzi au ASME cha wahandisi mitambo, atafute PE wa kumpitia kazi zake kwa muda mrefu. Barua ya mtu uliyemfahamu wiki mbili haina kitu.

Leseni ikishapatikana, kuitunza nako ni kazi ya kumbukumbu. Texas inataka saa 15 za mafunzo kila mwaka, moja ikiwa ya maadili, na unaweza kuvusha hadi 14 zilizozidi. Florida ni saa 18 kwa miaka miwili, New York 36 kwa miaka mitatu, California haihesabu saa. Mwenye leseni za majimbo matatu asipokuwa na jedwali atavuka tarehe mahali fulani, na mchoro uliogongwa muhuri siku leseni imelala ni kosa kisheria hata kama hesabu zote ni sahihi. Adhabu ya jimbo moja lazima uitaje unapoomba au kuhuisha kwingine.

Lakini leseni hupotea pia kwenye muhuri, ambao PE anagonga kuonyesha kwamba anawajibika kwa kazi hiyo. Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, njia mbili za juu za kupita watu, zilizoning'inizwa darini, zilianguka ukumbini na kuua watu 114. Mchoro wa awali ulikuwa na vyuma virefu vilivyotoka darini vikibeba njia ya ghorofa ya nne na ya pili. Vikabadilishwa: njia ya chini ikaning'inizwa kwenye boriti za njia ya juu. Nati iliyo chini ya boriti ya juu, iliyopaswa kubeba njia moja, ikabeba mbili. Michoro ya watengenezaji wa chuma ilipita ofisi ya wahandisi, ikarudi na muhuri wa kukaguliwa, bila yeyote kukokotoa kiungo kile. Uchunguzi ulionyesha kuwa hata kiungo cha awali kisingefikia matakwa ya kanuni za jiji. Wahandisi wawili walinyang'anywa leseni zao Missouri.

Ndiyo maana namsihi kila PE wa kwetu ajiandae kwa ombi ambalo lazima litamfikia: ndugu au mzee wa jumuiya ana mchoro wa kupanua kanisa au msikiti, manispaa inadai muhuri, "wewe si ndiye mhandisi wetu? Tugongee tu." Kugonga muhuri kazi isiyofanyika chini ya usimamizi wako ni kosa katika kila jimbo, na heshima kwa mkubwa haiondoi kosa hilo. Mjibu kwa adabu kwamba utaifanya kazi yenyewe: umpe mkataba wa maandishi hata kama hutozi, udai ripoti ya udongo, ukapime jengo lililopo, ukokotoe upya kuanzia paa hadi msingi, na uhakikishe kama jimbo linataka ofisi yako isajiliwe kando na leseni yako. Asipokubali, mchoro urudi kwake bila muhuri.