Baga Iliyopanda Punda

Wallahi ningejua siku ile itaishaje ningejinunulia mishkaki yangu pale pwani nikala nikalala. Lakini mie ndo yule mtu akiona kitu kwenye simu kimeandikwa "rahisi, dakika mbili tu" basi anaamini, na akishaamini hashikiki.

Kitu chenyewe ni kile kidude cha kukandamizia baga. Cha plastiki nyeusi, chini kama kibakuli kipana, ndani kuna kisahani kinachotoka, juu kifuniko chenye kishikio. Watia nyama ya kusaga, wabonyeza, watoa duara limenyooka kama limekatwa na fundi. Kilitoka Mombasa na basi mpaka Mokowe, Mokowe kikavuka na boti mpaka kwetu Lamu, na kijana wa boti akakigeuza geuza mkononi akaniuliza kama ni cha mahamri. Nikamwambia ngoja tu utaskia. Na kweli aliskia, mji mzima uliskia.

Sababu ya yote ni binamu zangu wa Mombasa, watatu, walikuwa waja wikendi, na mie kwenye grupu la familia nilikuwa nimeshajitapa ati baga za huko mwauziwa mikate mitupu, njooni Lamu niwaonyeshe baga. Hakuna aliyeniuliza kama nishawahi kupika baga. Sijawahi. Chai yenyewe Bibi hunionea huruma.

Sasa tuanze na kosa la kwanza, manake yalikuwa mengi na yalikuja kwa foleni. Nilipokifungua kile kidude nikaona chini ya kifuniko, katikati kabisa, kuna kinundu. Kiuvimbe hivi, ukubwa wa shilingi. Nikasema aah, hawa wameniuzia kitu kibovu, plastiki haikumwagwa sawa. Nikaenda kuazima tupa kwa jirani fundi seremala nikakaa barazani nusu saa nakisugua kile kinundu mpaka kikalala, nikapitisha kidole, laini kama shavu la mtoto. Nikajisifu. Weka hiyo habari pembeni, tutairudia.

Kosa la pili ni buchani. Nikaagiza kilo moja ya nyama ya kusaga, muuzaji akaniuliza nikuchanganyie na mafuta kidogo? Nikamwangalia kama amenitukana. Toa yote, nikamwambia, sitaki hata harufu ya mafuta. Yule mzee akatikisa kichwa akasaga. Sasa ndo najua yale mafuta ndo yanayoyeyuka ndani nyama isikauke, na wanaojua baga hutaka kama gramu 200 za mafuta kwenye kilo. Mie nilikuwa nimenunua soli za viatu, bado tu kushonwa.

Jumamosi baada ya alasiri nikapanda juu. Nyumba yetu ni ya kizamani, jiko liko juu kabisa kwenye paa, wazee walijenga hivyo moshi uende zake, na upande mmoja kuna ukuta mfupi wa kufika kiunoni, ukichungulia waona kichochoro chini. Nimejifunga leso ya Bibi juu ya kikoi kama aproni. Bibi akapanda ngazi polepole akakaa kwenye kibao cha mbuzi, akatazama vile vitu vyangu.

"Yeo wapika nini?"

"Hambaga, Bibi."

Akanyamaza kidogo. "Mimi naskia hamu ni nguruwe."

Ikabidi niache nyama nitoe darasa. Nikamwambia Bibi, jina halina uhusiano na nguruwe, ni Hamburg, mji wa Ujerumani, kama vile wewe uitwe Mwamu sababu watoka Amu, ndo Lamu yenyewe, na hii ni nyama ya ng'ombe nimemuona muuzaji akiisaga. Akauliza, Wajerumani wale wa posta? Manake hapa kwetu Wajerumani walifungua posta mwaka 1888, nyumba yenyewe ipo mpaka leo imefanywa makumbusho, na ikafungwa 1891. Nikasema ndo hao hao. Akasema, "Miaka mitatu tu wakaondoka. Ikiwa chakula chao ndo hiki, mimi sishangai."

Sawa. Nikatia nyama. Nimekoleza chumvi, pilipili manga, kitunguu, kitunguu thomu. Nikabonyeza kwa nguvu zangu zote, kifua chote kimelalia pale, nikainua kifuniko. Hakiinuki. Nikavuta. Kimeshika kama chaza na jiwe. Ile nyama mbichi ina majimaji, imeziba kila mahali, hewa haina pa kuingilia, kwa hivyo kadri wavuta ndo yazidi kunyonya. Inatakiwa utie karatasi chini na juu ndo itoke, na zamani mtu angetia mfuko wa nailoni mambo yakaisha, lakini mifuko ilipigwa marufuku 2017 na ile aliyokuwa ameificha Bibi chini ya godoro ilikwisha zamani.

Mwisho kifuniko kikatoka kwa mlio ambao sitaueleza, Bibi akasema astaghfirullah akageuka. Lakini nyama yenyewe ikabaki mle kwenye kibakuli pamoja na kile kisahani. Basi mie kwa akili zangu nikakigeuza chini juu, nikaenda pale kwenye ukuta mfupi, nikakigonga. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu nikainua mkono nikakishusha kama nafukuza jini.

Ikatoka yote. Nyama na kisahani chake. Nikaiona ikizunguka hewani, duara zuri ajabu, lazima niseme ukweli, ilikuwa imenyooka kuliko zote nilizofanya siku ile, ikashuka ghorofa mbili ikitua *pa!* juu ya gunia la mchanga mgongoni mwa punda.

Punda hakusimama. Punda wa Amu washaona mengi. Mwenyewe yuko mbele na simu sikioni, hakuskia kitu. Msafara ukaendelea, punda, mchanga, baga yangu imekaa juu kama abiria aliyelipa nauli, na nyuma paka mmoja. Alafu wawili. Alafu sijui walitoka wapi.

Nyama ningeisamehe. Lakini kisahani! Bila kisahani kile kidude chote ni bakuli tu, na binamu zangu washafika Mokowe. Nikateremka mbio, leso imenipeperuka, mikono nyama mpaka viwiko.

Sasa kama wewe si mtu wa Lamu huwezi kuelewa shida iliyofuata. Vichochoro vyetu hivi, vilivyofanya UNESCO watuandike kwenye urithi wa dunia 2001, kila pembe ina baraza, na kila baraza ina wazee, na saa kumi na nusu jioni ndo wamejaa. Mtu huwapiti wazee mbio kama mwizi. Utaulizwa wewe mwana wa nani, na habari itafika nyumbani kabla yako. Kwa hivyo nikawa nakimbia hatua kumi, nafika barazani napiga breki, natembea kwa adabu, asalam aleikum, waaleikum salam, hujambo, sijambo, Bibi hajambo, hajambo awasalimu, mguu wake vipi, alhamdulillahi wendelea, na saa hiyo macho yangu yako kwenye mkia wa punda unaokata kona. Nikitoka pale mbio tena. Baraza nyingine. Asalam aleikum. Mzee mmoja akashika mkono wangu kunisalimia, akauangalia wake, akauangalia wangu, akaniuliza polepole, "Kuna msiba?"

"Hapana babu, ni baga."

"Nani?"

Nikamwacha hapo, Mungu anisamehe.

Kwenye usita wa mui, ile njia kuu ya mji, punda wawili wengine walikuwa wakija upande huu, na pale ikikutana mizigo lazima mmoja aegemee ukutani, nikabanwa mie na leso yangu baina ya punda na duka la vitambaa. Wanawake dukani washaiona leso. Ile leso ina jina bwana, imeandikwa mambo ya mke mwenza na kijicho, na mie nimeifunga kiunoni maandishi yako nyuma kabisa yasomeka vizuri. Mmoja akaisoma kwa sauti. Wakacheka mpaka wakakaa.

Nilimkuta yule punda Mkunguni, mbele ya Ngome, pale chini ya miti palipojaa watu wa bao. Amesimama. Paka nimewahesabu saba, mmoja ashapanda juu ya gunia. Mwenye punda amekata simu, anaiangalia ile nyama, anaangalia mbinguni, anaiangalia nyama.

"Kaka," nikasema nikihema, "hicho kisahani changu."

Akaniangalia kutoka leso mpaka viwiko. "Na nyama?"

"Nyama waachie paka."

Akakibandua kile kisahani kwa vidole viwili, mchanga umejaa, akanipa, akasema kwa sauti ya kuskika mpaka jeti, "Haya jamaa, mwenye mvua amepatikana!"

Wale wa bao hawakucheza tena mpaka magharibi, naambiwa.

Niliporudi nilisuuza kisahani, nikaamua kutia karatasi. Karatasi niliyopata ni gazeti. Nyama ikatoka vizuri sana, safari hii na habari zake, manake wino ulihamia wote, tangazo la zabuni limejichapa pale kinyumenyume, Bibi akavaa miwani akaniambia nyama yako imeandikwa kwa lugha gani. Hiyo pia wakala paka. Mwisho Bibi akachoka, akatuma mtoto akalete jani la mgomba, akalipitisha juu ya moto lilegee, akalikata miduara, akalipaka mafuta, moja chini moja juu. Zikatoka kama zinateleza. Sekunde tatu. Mtu ambaye hakuwahi kukiona kile kidude maishani mwake.

Nikawasha gesi, nikatia kikaangoni. Na hapa ndo turudi kwenye kile kinundu nilichokiua kwa tupa. Kumbe baga ikiiva hukaza pembeni kwanza, ukingo unarudi ndani, katikati yajisukuma kwenda juu. Ndo wakaweka kinundu, kiache shimo kidogo katikati ili ikivimba ijae iwe sawa. Mie shimo nimelifuta kwa mikono yangu na tupa ya kuazima. Basi zikaanza kuvimba mbele ya macho yangu, moja, mbili, zote saba, na bila mafuta ya kuzilegeza zikawa zanyauka kwa pembeni zapanda kwa juu, mpaka nikabaki na mipira saba ya hudhurungi inayobingirika ukigusa kikaango. Nikazikandamiza kwa mwiko. Hiyo nayo usifanye, yale majimaji machache yaliyobaki yakalia tssss yakaisha.

Binamu zangu wakaingia. Nimezipanga kwenye sinia, kila mpira ndani ya skonzi, skonzi haifungi, juu imekaa kama kofia iliyokosa kichwa, moja ikabingirika ikaanguka mkekani. Yule mkubwa akaiokota, akaitia mdomoni, akatafuna. Akatafuna. Tukamngoja.

"Katlesi si mbaya," akasema. "Sasa hizo baga zaja saa ngapi?"

Bibi alicheka mpaka akajipangusa mato na ile leso, akanambia, "Mwanangu, ndoo ule mkate wa sinia, umeteseka."

Hayo yalikuwa mwezi uliopita. Kidude yuko nacho Bibi, afanyia vileja, na kwa kile kifuniko nilichokilainisha kwa tupa amenishukuru, ati kileja chatoka uso mzuri. Mie mtaani sina jina tena, naitwa Baga, hata imamu juzi aliniita hivyo akajishika. Lakini hilo si kitu. Kitu ni paka. Kila siku baada ya alasiri wanakuja kwenye kichochoro chetu, wanakaa chini ya ule ukuta mfupi, saba nane hivi, hawalii, hawagombani, wameinua nyuso tu wanaangalia juu.