Kocha Anapowasema Wachezaji Wake Hadharani

Machi 2023 Tottenham ilikuwa inaongoza 3–1 nyumbani kwa Southampton, timu iliyokuwa inaburuza mkia Ligi Kuu ya England. Mechi ikaisha 3–3, bao la mwisho likiwa la penalti ya dakika za nyongeza. Kocha wa Tottenham, Antonio Conte, akaketi mbele ya waandishi wa habari na kuyamwaga yote: wachezaji ni wabinafsi, hawachezi kama timu, presha hawaiwezi. Hata uongozi wa klabu haukusalimika. Baada ya siku nane, pande hizo mbili ziliachana.

Mashabiki waligawanyika, na mjadala huo huibuka tena kila timu inapopitia msimu mbovu. Je, kocha ana haki ya kusema hadharani kwamba tatizo ni wachezaji?

Wanaomtetea wana hoja nzito. Timu ikifungwa mechi tano mfululizo, huwezi kufukuza wachezaji 25, kwa hiyo anafukuzwa mtu mmoja. Mchezaji ana mkataba wa miaka kadhaa na wakala anayepokea simu za klabu nyingine. Kocha ana Jumamosi ijayo tu. Kati ya Novemba 2019 na Machi 2023 Tottenham iliachana na Pochettino, Mourinho, Nuno na Conte. Makocha wanne wenye falsafa tofauti kabisa wakikwama mlango uleule, si haki kumkataza wa nne asiulize ndani kuna nini. Tena Conte aliiacha timu ikiwa nafasi ya 4, na msimu ukaisha ikiwa ya 8.

Upande wa pili nao una jibu. Anayepanga kikosi ni kocha, anayechagua mfumo ni kocha, na wakati timu inaongoza 3–1 anayefanya mabadiliko ni yeye yule. Akiwageukia wachezaji mbele ya kamera, anajivua sehemu yake. Desemba 2015 Mourinho, akiwa bingwa mtetezi na Chelsea, alifungwa 2–1 na Leicester, kisha akasema anahisi kazi yake imesalitiwa. Siku tatu baadaye alifungashiwa virago, Chelsea ikiwa pointi moja tu juu ya mstari wa kushuka daraja. Guus Hiddink akawachukua wachezaji walewale na kumaliza nafasi ya 10. Ni kweli kwamba kocha hufukuzwa timu ikiwa imefika chini kabisa, kwa hiyo yeyote anayepokea kijiti huonekana mganga. Hata hivyo, ni vigumu kuangalia mabadiliko yale bila kushuku kwamba chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kimeshamkataa Mourinho kabla hajafungua mdomo.

Nadhani hapo ndipo mjadala unapopotoka. Tunabishana kuhusu maneno, wakati kinachoamua ni nguvu iliyo nyuma yake. Mfano mzuri ni Conte mwenyewe. Juni 2024 aliteuliwa kuwa kocha wa Napoli, klabu iliyokuwa imeporomoka kutoka ubingwa wa 2023 hadi nafasi ya 10. Mechi ya kwanza ya ligi akachapwa 3–0 na Verona. Safari hii aliwaomba radhi mashabiki na kubeba lawama mwenyewe. Mei 2025 Napoli ikawa bingwa wa Italia kwa tofauti ya pointi moja dhidi ya Inter.

Ni rahisi kusema amejifunza unyenyekevu. Mimi siamini sana. Tottenham mkataba wake ulikuwa unakaribia kuisha na kila mchezaji alilijua hilo. Napoli ndiyo kwanza alikuwa ameingia, dirisha la usajili lilikuwa bado wazi, na ndani ya wiki mbili Lukaku na McTominay walikuwa wamewasili. Tena timu haikuwa na mechi za Ulaya msimu ule, kwa hiyo alipata wiki nzima za mazoezi. Kocha mwenye mamlaka hana haja ya kupiga kelele. Arteta, kocha wa Arsenal, alipokosana na nahodha wake Aubameyang kuhusu nidhamu Desemba 2021, alimvua unahodha, na wiki chache baadaye mshambuliaji huyo alikuwa Barcelona. Arsenal ilikuwa imemvumilia Arteta baada ya kumaliza wa 8 misimu miwili mfululizo, na wachezaji waliona wazi ni nani atakayebaki.

Lakini kunyamaza nako hakulindi kibarua. Msimu wa 2024/25 Ange Postecoglou alifungwa mechi 22 kati ya 38 za ligi na Tottenham ikamaliza ya 17. Muda wote huo aliwakingia kifua wachezaji, akitaja majeruhi na ratiba, huku akielekeza nguvu Ligi ya Europa. Mei 21, 2025 aliifunga Manchester United 1–0 katika fainali mjini Bilbao, kombe la kwanza la Tottenham tangu 2008. Siku 16 baadaye akatimuliwa.

Ukitazama kikosi cha fainali ile, utawakuta Romero, Porro, Bentancur na Richarlison wakianza, na Son akitokea benchi. Wote walikuwa Tottenham ya Conte. Anayemtetea Postecoglou atasema watu walioitwa wabinafsi waliongoza bao moja na kulilinda kipindi kizima cha pili, beki Van de Ven akiruka kuokoa mpira uliokuwa unaingia golini. Anayemtetea Conte atakujibu kwamba usiku mmoja hauzifuti mechi 22, na kwamba kushindwa kurudia juhudi ileile kila wiki ndiko alikokuwa anakulalamikia. Kwa upande wa ligi, naona Conte aliwasoma sawasawa. Alichokosea ni kudhani kuwa kuwaambia mbele ya kamera kungewabadilisha.