Arobaini: inamlinda mzazi au inamficha?

Pwani yetu mzazi, yaani mama aliyetoka kujifungua, hutolewa jikoni siku 40: ndiyo arobaini. Anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa mkaja, analetewa uji wa pilipili manga, na mama yake hulala naye chumba kimoja. Wanaoitetea arobaini wanasema ndiyo kinga ya sonona, au unyogovu. Wanaoilaumu wanasema ndiyo inayoificha. Wote wana haki, ila si kwa siku zilezile.

Chukua usingizi. Kuukosa huchochea sonona na wasiwasi, na arobaini ikifanywa barabara huurudisha: mtoto analetwa kunyonya, kisha mwingine anamchukua, anamcheulisha, anambadilisha nepi, mama anarudi kulala. Hakuna kliniki itakayokufanyia hayo saa nane usiku. Lakini nyumba nyingi, hasa za vyumba vya kupanga mjini, zimebakiza uji na wageni tu. Mchana kutwa mzazi anapokea pongezi, usiku anabaki peke yake na kichanga.

Machozi ya siku ya 3 hadi ya 5 ni ya kawaida, na hukauka ndani ya wiki mbili. Yakizidi hapo, si uchovu tena, na hapo ndipo wa nyumbani wanapokosea: "anadeka tu", "ana shetani". Wanatazama machozi, wakati dalili nyingine imekaa mbele yao. Mtoto amelala, bibi amempakata, na mama bado yu macho. Kila mara anainuka kusikiliza kama anapumua. Watu husifu: mama ana uchungu na mwanawe! Hapana, huenda huo ni wasiwasi unaotaka tiba. Akianza kusikia sauti, au kuamini mtoto ni kiumbe kibaya, ni hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake na mtoto.

Tena sonona inaweza kuanza wakati wowote mwaka wa kwanza, nao msaada huondoka wote kwa mkupuo. Siku ya 41 bibi anapanda basi. Siku ya 42 mtoto ana chanjo ya wiki ya 6: anapimwa uzito, anachomwa sindano, na mama kazi yake ni kumshika.

Siku hiyo ndiyo ya kumuuliza. Dodoso la Edinburgh la mwaka 1987, la kubaini sonona kwa wazazi, lina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, alama 0 hadi 30. Alama 13 kwenda juu kwa kawaida huhitaji uchunguzi zaidi. Swali la 10, la kujidhuru, halisubiri jumla. Ila ukimuuliza kwenye benchi mbele ya mama mkwe, atajibu "sijambo". Muulize faraghani.

Wapo wanaohoji: akishaulizwa, apelekwe wapi, wataalamu wenyewe wako wapi? Hoja nzito. Lakini vijijini Pakistan wahudumu wa afya wa jamii walifundishwa kuwatibu kwa mazungumzo kina mama wenye sonona, nyumbani kwao. Matokeo ya 2008 yalionyesha kuwa watoto walipofika miezi 6, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, dhidi ya 53 kwa waliotembelewa na wahudumu wasio na mafunzo hayo. Anayehitaji dawa, sertraline, mojawapo ya dawa za sonona, hupita kidogo sana kwenye maziwa, kwa hiyo kunyonyesha si sababu ya kuikataa. Huchukua wiki 2 hadi 4 kufanya kazi. Isiachwe wiki ya kwanza kwa kudhani imeshindwa.

Na bibi, kama anaweza, apande basi baada ya chanjo ya wiki ya 10.