Mgonjwa wa selimundu na ndege ya kutoka Manda

Mzazi wa Lamu mwenye mtoto wa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, akipewa rufaa ya Nairobi, ushauri humjia wa namna mbili. Wako wamwambiao asithubutu kumpandisha ndege, huko juu hakuna hewa. Wengine humcheka: watu wanaruka kutoka Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, kila siku, hofu ya nini?

Wenye hofu wana hoja, ila wameieleza vibaya. Oksijeni haimaliziki huko juu; hubaki asilimia 21 ya hewa. Kinachopungua ni mgandamizo unaoisukuma kutoka mapafuni kuingia kwenye damu. Hata ndani ya ndege kubwa, kabini, yaani chumba cha abiria, inaweza kuwa sawa na mlima wa futi 8,000, ambako mgandamizo ni kama robo tatu ya ule wa pwani. Mzima wa afya hahisi kitu. Lakini chembe nyekundu za mwenye selimundu zikikosa oksijeni hupinda, zikaziba mishipa, na maumivu yakaanza. Ndege ndogo kama Cessna Caravan ndiyo ya kuulizia zaidi, maana kabini yake haiongezwi mgandamizo: ikipaa futi 10,000, abiria naye yuko futi 10,000.

Sasa tuseme mzazi amechagua basi. Mashua hadi Mokowe, kisha Witu, Garsen, Malindi, Mombasa, halafu kupanda bara: joto, kiu, kuchoka. Upungufu wa maji nao huamsha maumivu yaleyale. Na mwisho wa safari ni Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ambako mgandamizo ni kama asilimia 82 ya ule wa Lamu, na huko mtoto atakaa siku nyingi, si saa moja na ushei ya ndege. Hili wapinga ndege hawalitaji kabisa.

Mimi naelemea ndege, kwa masharti. Apimwe damu na kiwango cha oksijeni kwanza. Kama ametoka kwenye maumivu makali, asubiri siku kama 10. Akihitaji oksijeni, iombwe mapema. Zile barakoa zinazodondoka kwenye ndege kubwa ni za dharura, nyingi hutoa oksijeni kwa kama robo saa tu.

Na kabla ya kukata tiketi, daktari aulizwe: tiba hiyo haipatikani Mombasa, ambako mtoto atavuta hewa ileile ya usawa wa bahari aliyoizoea?