Mafuta ya Ziwa Albert: mwenye hisa na mshika daftari

Mafuta ghafi ya Ziwa Albert yana nta nyingi. Yakipoa huganda kama samli, ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, limebuniwa kupashwa joto njia nzima. Ukiitazama kazi hiyo unaelewa kwa nini wageni waliitwa. Gumu ni kuelewa wameitwa kwa masharti gani.

Wanaosema Uganda imegawa mali yake wana tarakimu mkononi. Kwenye visima, TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 56.67, CNOOC ya China 28.33, na shirika la taifa, UNOC, 15 tu. Kwenye bomba Wafaransa wana 62 na Wachina 8. Uganda na Tanzania wamepata 15 kila mmoja, ingawa kilomita 1,147 zinapita ardhi ya Tanzania. Mwenye shamba anabaki na kiti cha pembeni. Hilo linauma, na halipaswi kubezwa.

Ila mafuta haya hayakuanza kujulikana jana. Kisima kilichimbwa Butiaba, ukingoni mwa ziwa hilo, mwaka 1938, kikaachwa. Ilibidi kungoja hadi 2006 ndipo yakapatikana ya kutosha biashara. Miaka 68! Muda wote huo mali ililala ardhini bila mgeni kuchukua hata pipa moja la kuuza, na haikujenga hata zahanati moja. Anayeleta mitambo na mtaji, huku akijua anaweza kuchimba akakuta patupu, ana haki ya kudai fungu lake.

Kwangu mimi, hisa si mahali pa kupigania kwanza. Utaratibu wa mikataba ya kugawana uzalishaji ni huu: mafuta yakitoka, serikali inakata mrabaha, yaani fungu la kwanza la mwenye mali, kisha kampuni inachukua sehemu ya kufidia gharama zake, kinachosalia ndicho kinagawanywa kama faida. Sasa chukua ankara moja tu, ya kukodi winchi kutoka kampuni dada. Bei ikiongezwa maradufu na mkaguzi akapitisha, fungu la taifa limeshamegwa kabla mgao haujaanza, hata kama taifa lingekuwa na nusu ya hisa. Anayeshika daftari la gharama ndiye anayeshika mafuta.

Na Uganda imewahi kuonyesha kwamba inaweza kulisoma daftari. Kampuni ya mafuta ya Heritage ilipouza sehemu yake ya visima kwa kampuni nyingine, Tullow, mwaka 2010, serikali ilidai kodi ya dola milioni 434. Heritage ikakataa, shauri likafika kwa wasuluhishi London, na Uganda ikashinda. Hakuna hisa mpya iliyonunuliwa hapo. Kilichofanya kazi ni sheria ya kodi na maofisa waliokataa kulegea.

Ndiyo maana usiri unanitia hofu kuliko asilimia 15. Uganda ilijiunga na EITI, mpango wa kimataifa wa uwazi katika mafuta na madini, mwaka 2020, lakini kwa miaka mingi mikataba yenyewe imefichwa kwa wananchi. Mvuvi wa Butiaba anaona malori yakipita na vumbi likitua kwenye dagaa alioanika. Akiuliza ni gharama zipi zitakatwa kabla ya nchi yake kupata fungu lake, hapewi karatasi ya kusoma.