Makofi ya siku ya malipo

Uchaguzi ukikaribia, vijiweni huanza maneno yale yale: pesa za TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, zinawadumaza watu, maskini wamezoea kupewa. Siyakubali, na yananiuma.

Mpango wa TASAF wa Kunusuru Kaya Maskini ulizinduliwa mwaka 2012, na kufikia 2015 ulikuwa umefikia kaya zaidi ya milioni moja. Ruzuku ya msingi ilianza na shilingi 10,000 kwa mwezi. Kaya yenye watoto iliongezewa kidogo, kwa sharti kwamba wadogo wapelekwe kliniki na wakubwa wahudhurie shule. Nani ataacha jembe kwa ajili ya elfu kumi?

Enzi zile za kulipwa mkononi nilimsindikiza mama yangu mdogo siku ya malipo. Tulikaa chini ya mwembe tangu asubuhi, kitambulisho chake amekifunga kwenye pindo la kanga. Alipoitwa alihesabu noti mara mbili, akazigawa palepale: madaftari ya mjukuu, deni la unga dukani, iliyobaki ya matetea wawili. Halafu kiongozi mmoja akasimama, akawataka walengwa wasisahau nani kawaletea pesa hizo, akaongeza kwamba majina huandikwa na majina hufutwa. Wakapiga makofi. Mama mdogo naye akapiga. Njiani nikamuuliza, mbona umepiga? Akanijibu, "Mwanangu, nisipopiga wataniona."

Utegemezi unaonitisha mimi ni huo. Sehemu kubwa ya fedha zile ni mkopo wa Benki ya Dunia, deni la Watanzania wote, na mama mdogo anachangia kulilipa kila anaponunua sabuni. Hakuna mwanasiasa aliyezitoa mfukoni mwake. Lakini mlengwa hupendekezwa kwenye mkutano wa kijiji kabla ya kuhakikiwa, na ingawa nia ni njema (majirani ndio wanaojua nani analala njaa), anayeongoza mkutano hujikuta ameshika maisha ya watu. Mwenye njaa hawezi kubishana na mtu anayeaminika kushika orodha.

Zanzibar walipita njia nyingine. Tangu Aprili 2016 kila mzee aliyefikisha miaka 70 anapata Pensheni Jamii, fedha za serikali yenyewe, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Mzee hahitaji kuonyesha paa linalovuja. Umri haujadiliwi mkutanini, kwa hiyo hakuna wa kumtishia kwamba utafutwa.

Bara tunaweza kuanzia hapo, kwa wazee. Kwa kaya nyingine, anayeondolewa apewe sababu kwa maandishi na nafasi ya kukata rufaa nje ya kijiji chake. Na siku ya malipo, wanaotafuta kura wakae mbali na ule mwembe.